Malaba hadi Kigali: simu inapolazimika kupita kwa mtu wa tatu

Dereva wa lori la kontena yuko kwenye foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Karatasi za forodha zina kasoro na tajiri yake yuko Kigali. Anampigia kwa intaneti, kwa sababu bando analo lakini salio la kupiga nje ya nchi hana. Simu inaita, tajiri anapokea. "Halo?" Kimya. "Halo, unanisikia?" Kimya tena, kisha maneno ya wote wawili yanafika kwa pamoja na kila mmoja anamkata mwenzake. Dereva analaani mtandao wa Malaba. Tajiri analaani mtandao wa Kigali.

Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasingizia. Minara inafanya kazi, bando lipo, simu ni nzima. Kinachokosekana ni njia ya simu moja kuifikia nyingine bila kupitia kwa mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu huenda amekaa bara jingine.

Jambo hili lina historia ndefu kidogo. Intaneti ilipoanzishwa, kanuni ilikuwa kwamba kila mashine ina anwani yake, na yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kuiandikia moja kwa moja. Anwani za mfumo wa IPv4, uliotumika rasmi tangu 1983, ni namba za biti 32, na zote kwa jumla hazifiki bilioni 4.3. Wakati ule kompyuta zilizounganishwa na mtandao huo zilikuwa hasa za vyuo vikuu na majeshi, na hesabu hiyo ilionekana ni shibe ya milele. Miaka kumi baadaye wahandisi walishaona kwamba zitaisha. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la kutumia anwani moja kwa mashine nyingi, kwa kutafsiri anwani pale zinapovuka lango. Ndiyo NAT inayotajwa hadi leo. Wenyewe waliiita suluhisho la muda mfupi. Muda huo mfupi sasa umepita miaka thelathini.

Kuielewa NAT hakuhitaji kompyuta. Inatosha kuikumbuka shule ya bweni.

Shule ina wanafunzi 600 na sanduku moja la posta. Mwanafunzi akiandika barua, anaweka anwani yake ya ndani: bweni la tatu, kitanda cha 14. Anwani hiyo haina maana yoyote posta, kwani kila shule ina bweni la tatu. Kwa hiyo katibu wa shule anaifuta, anaandika S.L.P. ya shule, na juu ya bahasha anatia Kumb. Na. 5021. Kisha anaandika katika daftari lake kwamba 5021 ni yule wa kitanda cha 14. Jibu likirudi na Kumb. Na. 5021, katibu anafungua daftari na barua inafika kitandani. Kwa posta, shule nzima ni mtu mmoja.

Barua ikija bila namba ya kumbukumbu iliyomo kwenye daftari, katibu hana la kufanya. Anaitupa. Getini kuna askari pia, yule ambaye mafundi wa mitandao wanamwita fayawoli, na mara nyingi ni mkali kuliko katibu. Hata barua yenye kumbukumbu sahihi haipitishi kama imetoka kwa mtu ambaye mwanafunzi hakuwahi kumwandikia.

Ukali huo una sababu zake. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea katika kompyuta za Windows duniani kwa kugonga milango iliyokuwa wazi, bila mwenye kompyuta kubofya chochote. Waliokuwa nyuma ya lango walisalimika zaidi. NAT haikutengenezwa iwe mlinzi, lakini ilifanya kazi ya mlinzi, na wengi tangu hapo hawataki kusikia habari za kuiondoa.

Kwa anayefungua kurasa za wavuti, shule hii haina shida. Yeye ndiye huanza kuandika kila mara, na mwenye duka la mjini hujibu. Shida inakuja pale wanafunzi wa shule mbili za bweni wanapotaka kuandikiana wao kwa wao. Kila mmoja anaweza kujibu, lakini hakuna anayeweza kupokea barua ya kwanza. Hapo ndipo zilipo programu zote za ana kwa ana: simu za intaneti, video, kutumiana mafaili, michezo ya watu wawili. Simu ya Malaba na simu ya Kigali ni wanafunzi wawili wa bweni.

Ujanja ulipatikana, na ni mzuri. Shangazi anaishi mjini na ana sanduku lake mwenyewe, lisilo na askari. Kila mwanafunzi anamwandikia. Shangazi hana haja ya kusoma barua. Anatazama bahasha tu, anaona S.L.P. ya shule na namba ya kumbukumbu aliyotia katibu. Anamjibu kila mmoja: mwenzako yuko S.L.P. fulani, Kumb. Na. fulani. Sasa wote wawili wanaandikiana siku ileile. Barua itakayotangulia huenda ikakataliwa, kwa sababu askari wa pili hamjui aliyeiandika. Haidhuru. Barua ya yule wa pili nayo imeshatoka, na daftari la shule yake sasa linaonyesha kwamba aliiandikia shule ya kwanza. Barua inayofuata kutoka huko itapokewa kama jibu. Kila lango linaamini kwamba ni mwanafunzi wake aliyeanza mazungumzo. Hakuna geti lililovunjwa na kila askari amefuata kanuni yake.

Wahandisi wanauita ujanja huo kutoboa tundu. Kazi ya shangazi ilipewa kanuni rasmi Machi 2003 kwa jina la STUN. Mwaka 2005 Bryan Ford, Pyda Srisuresh na Dan Kegel walichapisha matokeo ya kuvipima vifaa vya NAT vilivyokuwa vikitumika: asilimia 82 vilikubali kutobolewa kwa ujumbe wa UDP, ambao ni sawa na barua ya kawaida isiyodai sahihi ya mpokeaji. Kwa TCP, ambayo ni kama barua ya rejista, vilivyokubali vilikuwa asilimia 64. Ndiyo maana simu za intaneti hupenda barua ya kawaida. Neno moja likipotea njiani, afadhali lipotee kuliko mazungumzo yote kusimama kulisubiri.

Daftari la katibu nalo halikai milele. Ukurasa usiotumika hufutwa. Kanuni iliyotolewa Januari 2007 inataka ukurasa wa ujumbe wa UDP ukae dakika mbili kwa uchache, lakini vifaa vingi hufuta mapema kuliko hapo. Programu inabidi itume kijibarua kisicho na neno lolote, kila baada ya sekunde kadhaa, ili kumkumbusha katibu kwamba mwanafunzi bado yupo. Sehemu ya chaji inayoisha kwenye simu hali imelala mfukoni inakwenda huko.

Waliouza ujanja huu kwa dunia nzima ni Skype. Programu hiyo ilitolewa Agosti 2003 na Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na waliotengeneza mitambo yake walikuwa wahandisi wa Estonia. Kampuni haikuwa na fedha za kuweka akina shangazi wengi, ikawafanya wateja wenyewe kuwa shangazi. Kompyuta yoyote iliyokuwa na anwani ya hadharani na intaneti ya kutosha ingeweza kugeuzwa kituo cha kuwaunganisha wengine, na mara nyingi mwenyewe hakujua. Kwa watu wa Afrika Mashariki wenye ndugu Ulaya na Marekani, iliwezesha kuongea nao saa nzima kwa bei ya dawati la intaneti kafe.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana tarehe 22 Desemba 2010. Toleo moja la Skype la Windows lilikuwa na kasoro iliyoziangusha kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, zikiwemo robo hadi asilimia 30 ya vile vituo. Vilivyobaki vilizidiwa na mzigo navyo vikajifunga, na mamilioni ya watu wakakosa mawasiliano siku chache kabla ya Krismasi. Mwaka 2012 Microsoft, iliyokuwa imeinunua Skype, ilihamishia kazi hiyo kwenye seva zake yenyewe. Kutoka hapo shangazi akawa kampuni. Skype ilifungwa Mei 2025, lakini karibu kila programu ya simu za intaneti iliyoirithi inatumia njia hizohizo.

Kuna katibu ambaye ujanja wa shangazi haumpati. Huyu hutoa namba mpya ya kumbukumbu kwa kila mtu anayeandikiwa. Mwanafunzi akimwandikia shangazi anapewa 5021, na akimwandikia rafiki yake barua inatoka na 7388. Namba aliyoiona shangazi ni ya shangazi peke yake, na rafiki akiitumia barua yake inatupwa. Katibu wa aina hii akiwepo upande mmoja, mara nyingine njia hupatikana. Akiwepo pande zote mbili, ni bahati nasibu.

Hapa ndipo kanda hii inapoumia kuliko nyingine. Hifadhi kuu ya anwani za IPv4 duniani iliisha tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius inayogawa anwani kwa Afrika, ilipata sehemu ndogo tangu mwanzo: kama milioni 120 hivi, kwa bara la watu zaidi ya bilioni 1.4. Tangu Januari 2020 mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni ya simu yenye wateja milioni kumi ifanye nini na anwani 1,024? Inaweka NAT yake kubwa mbele ya wateja wote, na wanachama mamia au maelfu wanatoka kwa anwani moja. Mwaka 2012 hata fungu maalumu la anwani za ndani lilitengwa kwa kazi hiyo, zinazoanzia 100.64.

Mteja wa namna hii akiwa na ruta yake nyumbani au ofisini, anakuwa nyuma ya malango mawili: la kwake na la kampuni. Ni shule ndani ya wilaya ambayo nayo ina sanduku moja la posta. Lango la kwake angeweza kulirekebisha. Lango la kampuni hana ufunguo wake, na wala haelezwi kwamba lipo.

Tundu likishindikana, inabaki njia moja ya uhakika. Shangazi haishii kuelekeza. Anapokea kila barua na kuipeleka mwenyewe, kutoka neno la kwanza hadi kwaheri. Njia hiyo inaitwa TURN. Kanuni yake rasmi ilitoka Aprili 2010, pamoja na nyingine iitwayo ICE, ambayo kazi yake ni kujaribu njia zote kwa haraka na kuchagua iliyo bora: ya moja kwa moja kwanza, ya shangazi mwisho. Katika sekunde chache ambazo dereva wa Malaba anasikia simu ikiita, programu yake inaweza kuwa imejaribu njia kumi na kuzitupa tisa.

Swali basi ni shangazi anakaa wapi. Malaba hadi Kigali kwa barabara, kupitia Kampala, hazifiki kilomita 800. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo sauti ingehitaji milisekunde nne tu. Shangazi akiwa Ulaya, sauti itashuka hadi Mombasa, ipite Bahari ya Shamu, ifike kwake, kisha igeuke na kurudi njia ileile hadi Kigali. Ukichukua kilomita 9,000 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, ni milisekunde 90 kwenye waya pekee, kabla ya kuhesabu minara, mitambo ya njiani na simu zenyewe. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ni kwamba sauti isizidi milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ikizidi sana hapo, watu huanza kukatana maneno, kama wale wawili wa foleni ya forodha.

Ucheleweshaji si hasara pekee. Kila dakika ya mazungumzo ya majirani wawili inalipiwa usafiri wa baharini mara mbili, na gharama hiyo iko ndani ya bei ya bando hata kama haiandikwi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Siku kama hiyo anayetaka kusoma gazeti la London ana haki ya kungoja. Lakini watu wa Kampala na Kigali, ambao kati yao kuna mikongo ya nchi kavu, hawana sababu ya kunyamaza kwa ajili ya waya uliokatika kaskazini mwa Durban.

Kanda imewahi kukutana na jambo linalofanana na hili. Hadi mwisho wa miaka ya 1990, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine, kama zilitumia kampuni tofauti za intaneti, ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo na kurudi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilijenga kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ya nyumbani yabaki nyumbani. Baada ya muda mfupi kikafungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Leo Kampala, Dar es Salaam na Kigali wana vituo vyao. Kwa simu za kawaida nako, Kenya, Rwanda na Uganda zilikwishaafikiana kati ya 2014 na 2015 kupunguza gharama chini ya mpango wa Eneo Moja la Mtandao. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la mafundi tu. Lilijadiliwa na marais.

Shangazi wa karibu hahitaji mkutano wa marais. Programu ya kuendesha kituo cha TURN, kama coturn, ni ya bure na ya wazi, na seva ya kawaida katika kituo cha kubadilishana data inaweza kuhudumia mazungumzo mengi. Hospitali inayoanzisha matibabu kwa video, chuo kinachofundisha wanafunzi wa nchi mbili, au ushirika wa wasafirishaji wenye programu yao wenyewe, wote wanaweza kuamua sauti zao zipite wapi. Wengi hawaamui. Wananunua huduma iliyokwisha kusetiwa mbali na hapa, na anwani ya shangazi imo humo tayari.

Dawa yenyewe hasa ni IPv6, mfumo wa anwani za biti 128 uliokuwepo kwenye karatasi tangu miaka ya 1990. Namba zake zinatosha kila simu, kila ruta na kila mita ya maji kuwa na sanduku lake la posta. Askari wa getini atabaki, na ni vizuri abaki, kwa hiyo ujanja wa kuandikiana siku ileile bado utahitajika. Lakini katibu wa kubadilisha namba hatakuwepo, na kumpata mwenzako kutakuwa rahisi zaidi. Kinachochelewesha ni kwamba NAT imekwisha kulipiwa na inafanya kazi, na mteja anayesikia "halo" mbili kwa pamoja hajui kwamba ndiyo inayomsumbua.

Wapo pia wanaomtaka shangazi. Simu ikienda moja kwa moja, kila upande unaiona anwani ya mwenzake, na anwani inaweza kumwonyesha mtu yuko nchi gani na anatumia kampuni gani. Kwa mwandishi wa habari, au mwanamke anayemkimbia mume mkorofi, hilo si dogo. Mwaka 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la kuficha anwani katika simu, ambalo hulazimisha kila simu ipite kwenye seva za kampuni, na ilisema wazi kwamba ubora wa sauti unaweza kupungua. Tofauti ni kwamba anayewasha chaguo hilo amechagua mwenyewe.

Anayetaka kujua kama yuko nyuma ya lango la kampuni yake anaweza kupima kwa dakika moja. Azime waifai, atumie bando, kisha atazame anwani ya IP katika mipangilio ya simu, kwenye sehemu ya maelezo ya kifaa. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni anwani ya kitandani, si ya posta. Anwani ndefu yenye herufi na nukta mbili-mbili ikionekana hapo pia, basi kampuni yake imeanza kutoa IPv6, na bila shaka haijamwambia.